Wanangu wanataka nihame Dar, nami bado sijaimaliza

Shangazi,

Nina miaka 66. Nilikuwa mkunga, nimestaafu mwaka wa sita huu. Niliingia Dar es Salaam mwaka 1981 nikitokea Iringa, nina sanduku la bati na barua ya kuripoti kazini, na tangu siku hiyo sijaishi kwingine. Naandika kwa sababu wanangu wawili wameshakaa wakakubaliana kwamba ifikapo Desemba niwe nimehamia Dodoma kwa mkubwa wao. Wameniambia kwa upendo na kwa adabu, nami nikajibu "tutaona". Usiku silali.

Naomba nikueleze kwanza ninavyoishi, maana bila hilo utaona ni mzee tu anang'ang'ania nyumba.

Nilipoanza kazi, zamu ya usiku ilikuwa inaisha saa moja asubuhi. Wenzangu walikwenda kulala. Mimi nilisimama kituoni nikapanda basi la UDA lolote lenye nafasi, hata kama sijui linakoelekea, nikaenda nalo mpaka mwisho wake. Zile Ikarusi ndefu, kumbakumba, nilizipenda sana. Nilikuwa msichana wa kijijini, nimezoea kila ninayekutana naye njiani anamjua baba yangu. Hapa niliweza kutembea kutwa nzima bila kuulizwa mimi ni mtoto wa nani. Wapo ambao hali hiyo inawatia upweke. Mimi ilinifungua kifua. Baadaye zikaja chai maharage, abiria tumekaa tunatazamana, magoti kwa magoti, kisha daladala za kwanza, nauli dala moja, yaani shilingi tano. Zote nimezipanda, na zote nilizipanda mpaka mwisho wa gari.

Sasa natoka kila Jumamosi. Nachagua daladala ya njia nisiyoijua, au niliyoisahau, naomba siti ya mbele karibu na dereva. Nikifika mwisho nashuka, natembea saa moja au mbili, naingia vichochoroni, nakunywa chai kwa mama ntilie, halafu nageuza na gari. Mwaka huu peke yake nimefika Chanika, Kivule, Mabwepande na Toangoma. Nimekwenda Kunduchi kuyatazama tena yale makaburi ya kale yenye minara, ambayo wazee wa zamani waliyapamba kwa bakuli za kaure kutoka Uchina. Nimepanda vilima vya Pugu. Napenda hata majina ya vituo: Buguruni Malapa, Tabata Dampo, Magomeni Mapipa, Mtoni kwa Azizi Ali, Keko Magurumbasi. Konda akiyataja mfululizo nasikia kama zamani wodini, asubuhi tunasomeana majina ya waliojifungua usiku.

Na waliozaliwa mikononi mwangu wako kila mahali. Siku moja Mbagala konda alikataa nauli yangu. Alisema, "Mama, mdogo wangu umempokea wewe, mama yetu alituonyesha." Nilitazama dirishani mpaka Rangi Tatu ili asione machozi.

Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa Kilwa. Nilipomfahamu alikuwa anauza kahawa jioni pale Mnazi Mmoja, birika juu ya mkaa, anagonganisha vikombe watu wasikie. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi. Asiyeweza kuonyesha kitambulisho cha kazi alikamatwa na kurudishwa kijijini, na kahawa haikuhesabiwa kuwa kazi. Walimpakia kwenye lori. Rafiki yake aliliokota birika na vikombe akaniletea. Wiki ya tatu nikasikia hodi usiku, namkuta amesimama mlangoni, vumbi tupu, anasema, "Nimefuata vikombe vyangu." Tukaoana mwaka uliofuata. Baadaye alipata kazi bandarini, tukanunua nyumba Ilala, ya vyumba sita na ukumbi katikati, mwarobaini uani. Huko mitaa imepewa majina ya miji, Arusha, Kasulu, Lindi, naye alikuwa na mazoea ya kuniaga, "Nafika Kasulu mara moja, narudi." Alifariki mwaka 2019. Amezikwa Kinondoni.

Sasa tatizo. Mwezi wa tatu nilianguka Buguruni. Nilikuwa nashuka, gari likaondoka kabla mguu wa pili haujafika chini. Goti lilivimba wiki mbili. Mwanangu nikamwambia nimeteleza uani. Mpangaji wangu mmoja, kwa nia njema, akamweleza ukweli. Ndipo ikajulikana kwamba kila Jumamosi akinipigia huwa namwambia "niko nyumbani naanika nguo", kumbe niko Kivule. Aliniuliza swali moja tu: "Mama, tangu lini unanidanganya?" Sikuwa na jibu.

Anasema Dar ina nini. Foleni, joto, mvua ikinyesha maji yanajaa Jangwani. Yote ni kweli, hayo maji nimeyavuka yakiwa magotini. Mkewe ni binti mwema, wamenijengea chumba chenye choo na bafu lake. Agosti nilikwenda na treni nikakaa wiki mbili. Mji ni msafi na upepo wake mtamu, siusemi vibaya. Ila nilikuwa nakaa barazani naangalia geti. Siku ya kumi nikagundua nahesabu magari yanayopita.

Kisha kuna mtu anataka kuinunua nyumba apandishe ghorofa, kama zilivyoota Kariakoo yote. Mwanangu anasema bei ni nzuri. Msimamizi wa mirathi ni mimi. Na kaka yangu wa Iringa amenipigia: "Mjini ulikwenda kutafuta. Umeshatafuta, rudi. Au unataka uzikwe na watu usiowajua?"

Shangazi, je, ni kosa kuupenda mji kiasi cha kukataa kulelewa na wanao? Na hizi Jumamosi zangu nitamwelezaje mwanangu asione ni wazimu wa uzee?

Mama wa Jumamosi,
Ilala

*

Shikamoo mama.

Hapa wananiita Shangazi, lakini kwa miaka yako mimi ni binti yako, basi yapokee haya kama ya mtoto anayekuheshimu.

Usihame Desemba. Nalitanguliza hilo ili usisome barua nzima moyo ukidunda. Mengine niliyonayo baadhi yatakufurahisha, na moja halitakufurahisha hata kidogo.

Nianze na kaka yako, kwa kuwa neno lake ndilo lililonichoma. "Mjini ulikwenda kutafuta." Tumelisikia wote, na wengi tunalirudia bila kuliangalia limetoka wapi. Waingereza waliitawala nchi hii wakiamini kwamba Mwafrika mahali pake ni kijijini, na mjini ni mgeni anayevumiliwa maadamu ana mwajiri. Walikuwa na sheria ya kuwaondoa mjini wale waliowaita wasiotakiwa. Tukapata uhuru, na mwaka 1983 tukafanya hivyohivyo wenyewe kwa wenyewe, na lori likambeba muuza kahawa wa Mnazi Mmoja. Kaka yako hana nia mbaya, anakutaka karibu. Lakini maneno anayotumia ndiyo yaleyale yaliyompandisha mumeo lorini, na mumeo aliyajibu kwa miguu yake ndani ya wiki tatu.

Mji huu nani ni mwenyewe hasa? Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga hapa miaka ya 1860, palikuwa na kijiji, Mzizima. Wajerumani wakahamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kariakoo, ambayo leo hakuna Mtanzania asiyeijua, imebeba jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, watu waliotolewa makwao kubebeshwa mizigo ya vita isiyowahusu. Wazaramo walikuwepo na wapo, na heshima yao ni yao. Sisi wengine wote tumekuja, au mama zetu walikuja. Ulipofika wewe, sensa iliyotangulia, ya mwaka 1978, ilikuwa imehesabu watu wasiofika milioni moja katika mkoa mzima. Ya mwaka 2022 imehesabu zaidi ya milioni tano na laki tatu. Katika hao wapo uliowapokea kwa mikono yako wakiwa bado na damu, ukawakata kitovu. Kwetu sisi mtu anaulizwa kitovu chake kimezikwa wapi, ili kwao pajulikane. Wewe umevifunga vitovu vya watu wa Dar miaka na miaka. Sijui ni mgeni wa namna gani huyo.

Kwa hiyo umeniuliza kama ni kosa, nami nasema si kosa. Nasema pia kwamba si kweli kuwa unakataa kulelewa. Unakataa kuwekwa. Mwanao bado hajaiona tofauti hiyo, na hajaiona kwa sababu hujamwonyesha.

Sasa lile lisilofurahisha. Mama, umekosea kudanganya, na umekosea kwa muda mrefu. Naelewa ulivyoanza. Ulitaka kitu kimoja kibaki chako, kisichoombewa ruhusa, baada ya miaka ya kuwa mke wa mtu, mama wa watu na mkunga wa watu. Nakielewa mpaka ndani. Lakini jiweke mahali pa kijana wako. Amemzika baba. Yuko Dodoma, mbali. Kila Jumamosi anapiga simu, anaambiwa mama anaanika nguo. Siku moja anajulishwa kwamba mama alianguka kutoka kwenye gari sehemu ambayo hakujua kama huwa anafika. Tangu siku hiyo, ukimwambia umekula, anajiuliza kama kweli umekula. Anayekutaka Dodoma si mtu aliyekuchoka. Ni mtu ambaye hana tena njia ya kujua uko salama isipokuwa akuone kwa macho yake. Hofu hiyo umeipanda wewe, na wewe ndiye unayeweza kuing'oa.

Halafu kuna jambo la goti, na hapa nazungumza na mkunga, si na bibi. Umewaambia wanawake wangapi kwamba mifupa ya mwanamke baada ya hedhi kukoma si ile ya zamani? Je, goti limepigwa picha? Umeandika kwamba lilivimba wiki mbili na hukuandika kwamba ulikwenda hospitali. Nenda. Omba upangiwe mazoezi. Na badilisha namna ya kusafiri, si kuacha kusafiri. Pale ambapo mwendokasi inafika, panda mwendokasi, maana jukwaa la kituo liko sawa na sakafu ya basi, huna ngazi ya kushuka. Usiipande saa za watu kwenda na kutoka kazini, hizo unazijua. Kwenye daladala, mwambie konda vituo viwili kabla, kwa sauti, "Nashuka na goti bovu, dereva asiguse gia." Abiria wenyewe watakusaidia kupiga ubao wa gari. Nimewaona watu wa mji huu wakimgombeza dereva kwa ajili ya mzee wasiyemjua, na ni moja ya sababu zangu za kuupenda.

Nina zangu, ndiyo. Nitakuambia barua yako ilinifanya nini. Nimeishi Dar miaka 30, nimefanya kazi hapa, nimezaa hapa, na sijawahi kufika Toangoma. Jina nimelisoma kwenye magari miaka yote. Jumamosi iliyopita nilipanda gari la Mbagala Rangi Tatu, nikaunganisha. Sikuwa na shughuli yoyote huko. Nilitembea mpaka viatu vikawa vyekundu, nikakaa chini ya mkorosho nikala muhogo wa kuchoma na mama mmoja aliyeniuliza nimemfuata nani. Nikasema sijamfuata mtu, nimekuja kupaona. Alicheka kwa furaha, akaniongezea kipande. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilirudi nyumbani kwangu nimejaa namna ile. Kumbe mji nilikuwa nao siku zote, nilikuwa nautumia kama ukumbi wa kupitia tu, kutoka nyumbani kwenda kazini na kurudi. Wewe umeuishi. Hiyo ni elimu, na umeipata kwa nauli yako na nyayo zako katika miaka arobaini na kitu.

Na hapa ndipo ninapokuja kwenye kijana. Amekulia Ilala, lakini nina shaka Dar anayoijua ni ya shule, foleni na msiba. Je, habari ya vikombe anaijua? Umeniandikia mimi, mtu usiyenijua, kisa cha baba yake kubisha hodi usiku wa manane na vumbi la kusini mwilini. Kama yeye hajawahi kukisikia, basi anapouliza "Dar ina nini" anauliza kwa haki kabisa.

Mwite aje. Si kwa kikao, na nyumba isitajwe. Mwambie aje Ijumaa jioni na treni, Jumamosi unamhitaji. Mkiamka, mpeleke Feri alfajiri, samaki wakiwa ndiyo kwanza wanateremshwa, mnada umechangamka na kila mtu anapiga kelele. Pandeni pantoni kwenda Kigamboni, shilingi mia mbili, na msiende popote mkifika. Mkigeuza na pantoni hiyohiyo mtauona mji kama unavyopaswa kuonwa, kutoka majini. Mnara wa kanisa la Azania Front, ambao umesimama pale tangu enzi za Wajerumani, ulikuwa miongoni mwa vitu virefu zaidi upande ule, na leo umezungukwa na maghorofa ya vioo, lakini jicho bado linauangukia wenyewe kwanza. Mama zetu waliokuja kwa meli waliuona mnara huo kabla hawajashuka. Mkishuka, tembeeni taratibu kwa ajili ya goti, mpite Boma la Kale, lile la mawe ya matumbawe lililojengwa enzi za Majid, mpande mpaka Samora penye sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, bunduki yake imeelekea bandarini. Mweleze ile barabara iliitwaje kabla haijapewa jina la Samora Machel. Makumbusho ya Taifa yaacheni siku nyingine. Hapo mtu akiingia hatoki, na siku hii si ya kutazama vitu vya kwenye kioo.

Malizieni Mnazi Mmoja. Tafuteni kivuli, na kama kuna muuza kahawa, nunueni viwili viwili na kashata. Hapo mwambie baba yake alikuwa anasimama wapi. Mwonyeshe kwa kidole.

Sisemi kwamba atalia akufungie safari za Jumamosi kwa utepe. Anaweza kurudi Dodoma na msimamo wake uleule. Ila atakuwa amejua anachotaka kukutenga nacho si nyumba ya vyumba sita tu.

Baada ya hapo mpe kitu mkononi. Mwahidi kwamba kila Jumamosi atapata ujumbe wako mara tatu: unapopanda, unapofika, unapofungua mlango wa nyumbani. "Nimefika Mabwepande." Basi, inatosha. Namba yake iandike kwenye kadi, iwe ndani ya pochi yako pamoja na kitambulisho. Mchukue mjukuu wakati wa likizo awe anakwenda nawe, au binti wa mpangaji, na yule mpangaji aliyekusema mshukuru, maana alifanya ambalo jirani anapaswa kufanya. Na kaeni, wewe na wanao wote wawili, mkubaliane mambo gani yakitokea ndipo utahama kweli: labda ukishindwa kupanda gari bila kushikwa, labda ukianza kusahau njia ya nyumbani. Yaseme wewe mwenyewe, ukiwa na akili zako timamu, kabla wengine hawajakusemea. Hilo najua ni gumu. Lakini mtoto anayejua mama ana mpaka wake atakoma kukuwekea wa kwake.

Dodoma usiikatae. Kuna chumba kimejengwa, na mkwe wako ametoa jasho lake humo. Treni inakufikisha kwa muda usiozidi ule uliowahi kuutumia foleni ya kutoka Mbagala mvua ikinyesha. Nenda Krismasi, nenda wajukuu wakifunga shule, ukiwa na tiketi ya kurudi mkobani, na ukiwa huko usikae barazani kutazama geti. Dodoma nayo ina magari yanayokwenda mpaka mwisho. Panda.

Kuhusu nyumba, usiweke saini popote mwaka huu. Wewe ndiye msimamizi wa mirathi, mnunuzi hawezi kupita pembeni yako, na wanao wanajua hivyo. Mtu mwenye pesa za ghorofa atakuwepo na mwakani. Nyumba za Kiswahili Ilala zinapungua kila mwezi, na mwarobaini wenye kivuli cha miaka yote hiyo haununuliki. Kama siku moja mtauza, iwe kwa sababu mmetaka, si kwa sababu bei ni nzuri.

Kaka yako mwendee Iringa, mkae siku tatu, mle, mcheke. Swali lake la kuzikwa usilikwepe, ni swali la haki kwa mtu wa rika lenu. Kama unataka kulala Kinondoni karibu na mwenzio, mwambie mdomo kwa mdomo, kisha waandikie wanao, wasije wakavutana na wajomba zao mbele ya jeneza. Nimeona familia zikigombania maiti, mama. Wewe wasaidie wako wasifike huko.

Yote hayo yana nafasi yake, lakini lile la kwanza haliwezi kusubiri mpaka wiki ijayo. Mpigie kijana leo, akishatoka kazini na amekaa. Usianze na Desemba, wala nyumba, wala mapenzi yako kwa mji. Anza na Buguruni. Mwambie gari liliondoka kabla mguu wa pili haujafika chini, ulianguka, uliogopa, na ulimficha.